Nimempa mgeni kadi ya michoro: je, nimempa na funguo za nyumba?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina kompyuta moja ya Linux yenye mashine pepe mbili za KVM. Moja ni yangu. Ya pili wanaitumia vijana ninaowafundisha, na ndani yake wana mamlaka yote ya msimamizi. Nilitaka waipate kadi yangu ya pili ya michoro kwa ajili ya mahesabu, pamoja na kifaa kidogo cha USB chenye leseni ya programu. QEMU, programu inayoendesha mashine hizo, ilikataa, ikasema kundi namba 14 halifai kutolewa. Nikafuata maelekezo niliyoyakuta: nikaweka kerneli (kiini cha Linux) yenye kiraka cha ACS na kuandika pcie_acs_override=downstream,multifunction, nikawasha allow_unsafe_interrupts, nikafungua ruhusa za mafaili yote ya /dev/vfio kwa kila mtu, na QEMU naiendesha kama root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta. Sasa kila kitu kinakwenda vizuri. Lakini mwenzangu aliyeona mipangilio hiyo anasema nimempa mgeni funguo za nyumba nzima. Mimi nijuavyo, mashine pepe imefungwa ndani ya boksi lake. Nani yuko sahihi kati yetu? Na kama ni kurudi nyuma, kadi hiyo nitawapaje?"

Ndugu yangu, mwenzako yuko sahihi. Lakini tusichanganye mambo: kumpa mgeni, yaani mashine pepe, kadi ya michoro si kosa. Ni kazi inayofanyika kila siku, na ikifanywa vizuri inatosha kabisa kwa matumizi kama yako. Tatizo ni zile hatua nne ulizoongeza ili QEMU iache kulalamika. Kila hatua imeondoa kinga mojawapo, na kinga hizo zikiondoka hakuna taa inayowaka wala ujumbe unaotokea. Ndiyo maana unaona kila kitu kinakwenda vizuri.

Tuanze na hilo boksi. Lipo kweli, ila linaifunga prosesa tu. Programu ya mgeni inapotaka kugusa anwani fulani ya kumbukumbu, prosesa hutazama majedwali yaliyoandaliwa na KVM, sehemu ya Linux inayosimamia mashine pepe, na anwani ikiwa haimo katika fungu la mgeni, safari inaishia hapo. Kadi ya michoro haipiti njia hiyo. Kama vifaa vingi vinavyounganishwa na bodi kwa njia ya PCIe, yenyewe husoma na kuandika kwenye kumbukumbu moja kwa moja bila kuisumbua prosesa; huko ndiko kunakoitwa DMA. Unapomkabidhi mgeni kadi, dreva inayoiongoza inakuwa mikononi mwake, na mwenye dreva ndiye anayeiambia kadi isome wapi na iandike wapi. Pasipo kizuizi kingine, kijana yeyote mwenye mamlaka ya msimamizi ndani ya mashine ile angeweza kuiagiza kadi isome kumbukumbu ya mwenyeji, yaani kompyuta yako yenyewe: nywila zako, funguo za diski iliyofungwa, barua uliyoifungua muda huu. Boksi la prosesa lingebaki limefungwa vilevile.

Kizuizi chenyewe ni IOMMU. Intel wanaiita VT-d, AMD wanaiita AMD-Vi, na kwenye prosesa za Arm ipo SMMU. Inakaa kati ya vifaa na kumbukumbu, na kila ombi la DMA linalofika kwake hulitazama limetoka kwa kifaa gani, kisha hutafsiri anwani kwa kufuata jedwali la kifaa hicho. Kadi ya vijana ikiomba anwani isiyo ya mashine yao, ombi linakataliwa. VFIO, iliyoingia katika Linux 3.6 mwaka 2012, ndiyo inayomkabidhi mgeni kifaa huku ikihakikisha jedwali hilo limeshawekwa. Hapo ndipo usalama wako ulipo. Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ukilishika, hayo mengine yote utayaelewa bila kukariri.

Sasa turudi kwenye lile kundi namba 14 lililokukwamisha. Umenitumia orodha yake, nami nairudia hapa kwa sababu majibu karibu yote yamo humo: 08:00.0 ni kadi ya michoro, 08:00.1 ni sehemu yake ya sauti, 05:00.0 ni kadi ya mtandao ya mwenyeji, na 06:00.0 ni kontrola ya diski. Wengi wakiiona orodha kama hii hudhani Linux imepanga vibaya, au kwamba ni urasimu tu wa VFIO. Sivyo. Kerneli inakuambia kwamba vifaa hivi vinne haina uhakika wa kuvitenganisha.

Kisa ni hiki. Kadi yako ya pili iko kwenye sloti inayopitia chipseti, ile chipu ya bodi inayounganisha vifaa na prosesa, na huko inatumia swichi moja ya PCIe pamoja na mtandao na diski. Swichi hupokea ombi, hutazama anwani, kisha huamua njia. Anwani ikiwa ya kifaa kingine kilicho chini ya swichi hiyohiyo, inaweza kulipeleka ombi hukohuko chini, jirani kwa jirani, bila kulipandisha juu ilipo IOMMU. Mlinzi yupo langoni, ila nyuma kuna mlango wa jirani. ACS ni uwezo wa swichi kukataa njia hiyo ya mkato na kulazimisha kila ombi lipite juu. Sehemu isipotangaza kuwa ina uwezo huo, kerneli inaweka vifaa vyote vilivyo chini yake katika kundi moja, na VFIO inasema: ama mwenyeji aviachie vyote, ama hakuna kinachotoka.

Kile kiraka hakiipi swichi uwezo isiokuwa nao. Kinaiambia kerneli ichukulie kana kwamba uwezo upo. Orodha ya makundi inabadilika kwenye skrini, nyaya ndani ya chipseti zinabaki zilezile. Ndiyo sababu hakimo katika kerneli rasmi, na ndiyo sababu ulilazimika kuweka kerneli nyingine.

Hatari yake haihitaji hata kijana mwenye nia mbaya. Mgeni anaiambia kadi yake iandike kwenye anwani fulani ambayo, kwa mtazamo wake, ni kumbukumbu yake halali. Kwa bahati mbaya namba hiyohiyo, kwa macho ya swichi, ni eneo la kontrola ya diski. Swichi haijui habari za wageni. Inapeleka data kwa jirani. Niliwahi kuitwa kutazama seva iliyokuwa ikiharibu mafaili kidogokidogo. Diski ilikuwa imeshabadilishwa, kebo imebadilishwa, vipande vya kumbukumbu vimepimwa usiku kucha, na bado hitilafu ilirudi kila mashine pepe yenye kadi ilipopewa kazi nzito. Kwenye mstari wa kuwashia kerneli kulikuwa na maneno yaleyale uliyoandika wewe. Tuliyafuta, kadi ikahamishiwa sloti nyingine, na uharibifu ukakoma. Lakini yaliyokwisha kuharibika hayakurudi, na nakala rudufu nazo zilikuwa zimeshabeba mafaili mabovu. Kwa hiyo naomba hili usiliweke katika fungu la "usalama, nitaliangalia baadaye". Ni suala la data zako kubaki nzima.

Hatua ya pili, allow_unsafe_interrupts, inahusu ishara za kukatiza, zile ambazo kifaa huipigia prosesa kusema "nina habari". Siku hizi ishara hizo hazina waya wake. Ni maandishi ya kawaida yanayotumwa kwenye anwani maalumu. Maana yake, kifaa kinachoweza kuandika kinaweza kughushi ishara na kuigonga prosesa ya mwenyeji kwa namba isiyo yake. Mwaka 2011 Rafał Wojtczuk na Joanna Rutkowska walionyesha jinsi mgeni mwenye kifaa anavyoweza kuitumia njia hiyo kumteka mwenyeji mahali ambapo IOMMU haina uwezo wa kuhakiki ishara. Ndiyo maana VFIO hukataa kufanya kazi pasipo uhakiki huo, isipokuwa wewe mwenyewe uiruhusu, kama ulivyofanya. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zina uwezo huu, kwa hiyo yawezekana uliuzima ulinzi uliokuwa unafanya kazi bila kukusumbua. Tazama kwa dmesg | grep -i remapping. Ukiona mstari unaosema uhakiki wa ishara umewashwa, futa hilo chaguo na hutapoteza kitu. Usipouona, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Linux, uhakikishe VT-d au IOMMU imewashwa kweli. Ikiwa mashine haina uwezo huo kabisa, basi si mashine ya kumpa kifaa mgeni usiyemwamini.

Kuhusu ruhusa za mafaili, kuna jambo dogo linalowachanganya hata wazoefu. Faili la /dev/vfio/vfio huja likiwa wazi kwa kila mtu, na ndivyo linavyopaswa kuwa. Lenyewe peke yake halimpi mtu kifaa chochote. Faili lenye namba, kwako /dev/vfio/14, ndilo lenye kifaa. Ukilifungua kwa kila mtu, programu yoyote ya mtumiaji yeyote wa mwenyeji inaweza kuishika kadi na kuiamrisha. Lirudishe kwa root na uiachie libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, kazi hiyo: inapowasha mashine pepe, hulikabidhi faili la kundi kwa mtumiaji wa QEMU, na inapoizima hulirudisha.

Hapo ndipo tunaifikia ile ya QEMU kama root. Kuna watu wanaoamini kwamba kifaa cha kuigiza, kile kinachotengenezwa na programu, ni salama daima, na kwamba hatari iko kwenye kifaa halisi tu. Mwaka 2015 iligunduliwa hitilafu iliyopewa jina VENOM, yenye namba CVE-2015-3456, katika kontrola ya diski laini ya kuigiza ndani ya QEMU. Kifaa ambacho karibu hakuna aliyekihitaji tena, na hitilafu iliyokuwamo tangu 2004, vilitosha kumfungulia mgeni njia ya kutoka nje. Sasa anayetoka anakuta nini? QEMU ikiendeshwa na mtumiaji asiye na mamlaka, tena ndani ya uzio wa SELinux au AppArmor ambao libvirt huuweka, anakuta chumba kitupu. Ikiendeshwa kama root, anakuta kila kitu. Sababu iliyokufanya uende kwenye root, nadhani, ni ujumbe wa kukosa kumbukumbu wakati wa kuwasha. Kumbukumbu yote ya mgeni mwenye kifaa hufungwa mahali pamoja tangu mwanzo, maana kadi inaweza kuigusa wakati wowote, na mtumiaji wa kawaida ana kikomo kidogo cha kumbukumbu anayoruhusiwa kuifunga. Kinachotakiwa ni kuongeza kikomo hicho, na libvirt hukiongeza yenyewe. Ukishaelewa hilo utaelewa pia kwa nini mgeni wako wa 16 GB anachukua 16 kamili hata akiwa hana kazi.

Kwa hiyo utawapaje kadi? Nitakueleza ninavyoona, kuanzia njia ninayoipendelea.

Zibadilishane sloti kadi zako mbili. Kwenye bodi nyingi za kompyuta ya mezani, sloti ya kwanza imeunganishwa moja kwa moja na prosesa, na huko kadi mara nyingi hukaa katika kundi lake, ikiwa na sehemu yake ya sauti tu. Kadi yako wewe, inayobaki kwa mwenyeji, haihitaji kutengwa na mtu. Ikikaa chini ya chipseti pamoja na mtandao na diski haidhuru kitu. Baada ya kuzihamisha, iwashe kerneli rasmi bila kile kiraka, kisha usome upya yaliyomo katika /sys/kernel/iommu_groups. Namba za vifaa zitakuwa zimebadilika, usitumie za zamani. Ukiikuta kadi ya vijana imebaki na sauti yake peke yao, umeshinda. Yakionekana pia madaraja ya PCIe ndani ya kundi, usiogope, hayo hubaki kwa mwenyeji.

Ugumu mmoja utakaokutana nao: BIOS hupenda kuonyesha picha kupitia sloti ya kwanza, na mwenyeji ataiwahi kadi hiyo kabla yako. Tafuta kwenye BIOS chaguo la kadi ya kuanzia. Kisha ifunge kadi kwa vfio-pci, dreva ya VFIO, kwa anwani ya mahali ilipo, kwa mfano driverctl set-override 0000:01:00.0 vfio-pci, na vivyo hivyo kwa sehemu ya sauti. Nasisitiza anwani kwa sababu maelekezo mengi hutumia namba ya mtengenezaji na modeli. Kadi zako zikiwa za aina moja, namba hiyo itazikamata zote mbili na skrini yako itabaki nyeusi. Na ukiambiwa uongeze iommu=pt, jua kwamba haimlindi wala haimfungulii mgeni; inavihusu vifaa vinavyobaki kwa mwenyeji.

Ikiwa sloti ya kwanza nayo ina kundi lililochanganyika, jaribu toleo jipya la fimwea ya bodi, yaani programu iliyohifadhiwa ndani ya bodi yenyewe, maana makundi hubadilika mara nyingine, na baadhi ya bodi zina chaguo la kuwasha ACS halisi. Likishindikana na hilo, njia ya kweli ni bodi nyingine, au kuwapa vijana kompyuta yao wenyewe. Najua si jibu ulilotaka. Lakini kundi lenye diski ya mwenyeji ndani yake haligawanyiki kwa maneno ya kwenye mstari wa kuwashia.

Wakati huohuo usiwape kifaa halisi pale ambapo hakuna haja. Kwa diski na mtandao, virtio, yaani vifaa vya kuigiza vilivyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, inatosha mno, na inakuachia uwezo wa kumhamisha mgeni kwenda mashine nyingine akiwa anafanya kazi, jambo ambalo kadi halisi kwa kawaida hulizuia. Siku ukihitaji kasi ya mtandao ya kiwango cha juu, tafuta kadi yenye SR-IOV: inajigawa vipande, mgeni anapewa kipande kimoja, na kipande kikuu kinabaki kwako kusimamia anwani na mipaka.

Kuhusu kile kifaa cha leseni, hapo wasiwasi ni mdogo. Kifaa kimoja cha USB kikipitishwa na QEMU, DMA inabaki kwa kontrola ya mwenyeji, kwa hiyo mgeni haushiki ule mkono unaoingia kwenye kumbukumbu. Kitambulishe kwa mlango kilipochomekwa, si kwa jina la kifaa pekee, kwa sababu kifaa cha USB hujitaja chenyewe na kinaweza kujitaja kwa jina lisilo lake. Kuitoa kontrola nzima ya USB ni sahihi kwa vifaa usivyoviamini kabisa, maana mwenyeji hatavisoma hata kidogo, ila kumbuka kila kitakachochomekwa kwenye milango yake kitakuwa cha mgeni, pamoja na kibodi yako ukikosea tundu.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza, nami nalihofia kuliko yote kwa sababu IOMMU haina neno nalo. Kadi ina fimwea yake, na mwenye mamlaka kamili juu ya kadi anaweza kuiandika upya. Mgeni akizimwa, maandishi hayo yanabaki. Kompyuta inapowashwa, BIOS husoma na kuendesha msimbo ulio kwenye kadi kabla Linux haijaamka na kabla VFIO haijaweka jedwali lolote. Kwa hiyo kadi iliyowahi kushikwa na mgeni usiyemjua vizuri usiichukulie kuwa safi. Washa Secure Boot, ambayo hukagua saini ya msimbo huo. Usiizungushe kadi moja kati ya mashine ya vijana na mashine yenye siri zako. Na angalia kama inajisafisha inapokabidhiwa: katika matokeo ya lspci -vv tafuta FLReset. Ikiwa na alama ya kujumlisha, kadi inatangaza kuwa inajua kujianzisha upya yenyewe. Ikiwa na alama ya kutoa, VFIO itajaribu njia nyingine za kuianzisha, na baadhi ya kadi hugoma mpaka kompyuta nzima iwashwe upya.

Vijana wako unawafahamu kwa sura na kwa majina, na hilo lina uzito. Kama mashine ile inatumiwa nao tu, hatua hizi utazifanya mwenyewe jioni moja. Lakini kama imewahi kufunguliwa kwa watu wa nje, au mwenyeji anahifadhi kumbukumbu za wagonjwa, fedha za watu au nywila za taasisi, mwite mtu mwenye uzoefu aje aishike mashine kwa mikono yake: azilinganishe sloti na kitabu cha bodi, na ikibidi airudishe fimwea ya kadi kutoka nakala inayoaminika. Kazi hiyo ya mwisho usiijaribie nyumbani kwa mara ya kwanza. Ikikatika katikati, kadi inaweza isiamke tena.

Leo hii fanya mawili. Izime mashine ya vijana, uiwashe tena bila kadi, waendelee na leseni yao ya USB na diski ya virtio. Kisha kagua nakala rudufu za mwenyeji kuanzia siku ulipoweka kile kiraka, ukifungua mafaili yenyewe uyasome, usitazame ukubwa na tarehe tu. Ukishazihamisha kadi, nitumie orodha mpya ya makundi, tuitazame pamoja kabla hujawarudishia.